Siku ya ARV, apimwe na presha

Mama msikilizaji wa Kitui na Makueni, huenda nyumbani kwako yuko mume, dada au mzazi anayemeza ARV kila siku. Amepata nguvu, anavuna ndengu, nawe unaona hatari imekwisha. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mwenye virusi vya UKIMWI ana hatari karibu maradufu ya kupata maradhi ya moyo na kiharusi.

Kwa nini? Hata virusi vikitulizwa na dawa, kinga ya mwili haitulii kabisa. Kuta za mishipa ya damu huumia polepole, mafuta hunata hapo, na njia ya damu huwa nyembamba. Presha na sigara huzidisha hatari.

Asiache ARV, kuziacha huongeza hatari kwa moyo. Siku ya kliniki, mkumbushe aombe kupimwa presha. Ikifika 140 kwa 90 kila anapopimwa, azungumze na daktari. Punguza chumvi na mafuta katika muthokoi. Kifua kikimbana, au mdomo ukipinda na mkono ukilegea ghafla, usingoje kuche: mpeleke hospitalini mara moja.