Hajiri Alikuwa na Jina

Somo: Mwanzo 16:1-13



Siku moja ya Mungu, mama mmoja alisimama kanisani kwetu kutoa shukrani. Binti yake anafanya kazi za nyumbani huko Omani, na alikuwa ametuma feza. Mabati yamepanda, wadogo zake wamerudi masomoni. Tulipiga makofi, tukaimba, na mimi mwenyewe nikapokea bahasha.

Kisha ibada mama yule akanifuata nje, akasema kwa sauti ndogo: "Mchungaji, mtoto analia. Pasipoti wameichukua. Analala usiku wa manane, anaamka alfajiri. Simu wanampa Ijumaa tu." Nilinyamaza. Juu ya bahasha nilikuwa nimesema maneno mengi. Juu ya mtoto sikuwa nimeuliza hata neno moja.

Ndugu zangu, tumwangalie Hajiri. Ni Mmisri, mtumishi wa nyumbani katika inchi isiyo yake. Katika sura hii Sarai hamwiti kwa jina, wala Abramu hamwiti kwa jina. Kwao ni mjakazi tu. Na ile si nyumba ya wapagani. Ni nyumba ya Abramu, baba wa imani! Akateswa, akakimbia jangwani. Wa kwanza kumwita Hajiri ni malaika wa Bwana. Akamwuliza alikotoka na anakokwenda. Ndipo mwanamke huyu akampa Mungu jina: Mungu anayemwona.

Mtu atasema: "Lakini malaika alimwambia arudi. Basi mtoto avumilie." Angalieni vizuri. Neno lile lilitoka kwa Mungu aliyekwisha kusikia mateso yake na kumpa ahadi. Halikutoka kwa watu wanaongojea feza yake.

Katika inchi nyingi za Ghuba kuna utaratibu unaoitwa kafala: kibali cha kukaa kimefungwa kwa tajiri aliyemleta mfanyakazi. Akitoka nyumba ile bila ruhusa, anaweza kuandikwa kuwa ametoroka, na aliyeonewa anageuka mkosaji. Lakini Mkataba wa 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unasema mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya kushika pasipoti yake mwenyewe, na kupumzika saa 24 mfululizo kila juma.

Kwa hiyo wazazi, mbele binti hajapanda gari, ulizeni. Mkataba umeandikwa kwa lugha anayoisoma? Nakala yake na ya pasipoti zimebaki nyumbani? Viza ni ya kazi ao ya utalii? Yule anayempeleka anajulikana jina na makao? Akisema, "Musiambie mtu," mjue hiyo si njia ya nuru.

Na yule aliyekwisha kwenda, akipiga simu, neno la kwanza lisiwe, "Umetuma?" Liwe, "Mwanangu, umekula? Umelala? Wanakulipa?" Akisema anateswa, musimwambie aibu ya kurudi mikono mitupu. Mwana mpotevu alirudi mikono mitupu, na baba alimkimbilia.

Tena tusinyooshe kidole Omani tu. Yule msichana kutoka kijijini anayefua nguo zako leo, unajua jina la baba yake? Torati, katika Kumbukumbu 24, inaagiza mshahara wa maskini ulipwe mbele ya jua kuchwa. Wewe una miezi mingapi hujamlipa, na Jumapili unainua mikono kuabudu?

Juma lililofuata tulimwita mama yule mbele tena. Hatukuomba juu ya mabati. Tuliomba juu ya binti yake, tukimtaja kwa jina. Leo, wewe unayesikiliza, mtaje wako kwa jina.

Tuombe. Bwana unayeona, waone binti zetu walio jikoni mwa watu. Utusamehe sisi tulioona feza tu. Utupe masikio ya kuwasikia, na mlango wazi wa kuwapokea. Katika jina la Yesu, amina.