Kamera Sokoni: Zinaona Nini, Hazioni Nini

Kamera za siku hizi hazirekodi tu. Programu iliyomo hutofautisha mtu na mbuzi, husoma nambari ya gari, na hutoa ishara mtu akiingia ghalani usiku. Askari hatazami tena video ya usiku kucha. Huitafutia lori jeupe lililopita saa nane, akalipata upesi.

Lakini nambari iliyojaa matope haisomeki. Stima ikipotea na hakuna betri ya akiba, kamera ni pambo la mlingoti. Hifadhi ikijaa, picha mpya hufuta za zamani, kwa hivyo aliyeibiwa apige ripoti mapema, asingoje wiki tatu.

Kutambua nyuso ndiko kwenye hatari kubwa. Mwaka wa 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilikuta baadhi ya programu zikifananisha kimakosa nyuso za watu wenye asili ya Afrika na Asia mara 10 hadi 100 zaidi ya za wazungu. Januari 2020 polisi wa Detroit walimkamata Robert Williams, Mmarekani mweusi, mbele ya mkewe na binti zake, kwa wizi wa saa asioufanya. Kompyuta ilimfananisha na picha hafifu ya dukani, na hiyo ni fununu tu, si ushahidi.

Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mkazi haki ya kuambiwa picha yake inatumiwaje. Mwenye duka aliyeelekeza kamera barabarani aweke bango. Malalamiko hupokelewa na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.