Manjano Pamoja na Dawa: Antioksidanti katika Matibabu ya Uvimbe Sugu wa Utumbo

Ndugu wauguzi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wauzaji wa maduka ya dawa muhimu na waganga wa tiba asili mliofika hapa Pongwe,

Mada niliyopewa inauliza kama antioksidanti zinaweza kutibu uvimbe sugu wa utumbo. Jibu langu nalitoa mapema ili muda uliobaki tuutumie kulipima. Zipo zilizoonyesha kusaidia, na iliyoonyesha zaidi imo ndani ya manjano, ambayo yanalimwa hapo juu Amani na kuuzwa Muheza hadi Tanga mjini. Lakini yamesaidia yakiwa pamoja na dawa ya hospitali, tena kwa mgonjwa ambaye ugonjwa wake umekwisha thibitishwa kwa vipimo. Masharti hayo mawili nitayashikilia mpaka mwisho, kwa sababu ndiyo yanayoachwa njiani.

Ugonjwa wenyewe

Tunazungumzia magonjwa mawili yaliyo ndugu. Wa kwanza ni kolaitisi ya vidonda, ambayo hukaa kwenye utumbo mpana na kumfanya mtu aharishe damu na kamasi. Wa pili ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la Burrill Crohn wa New York, ambaye yeye na wenzake waliueleza mwaka 1932. Huu waweza kushika sehemu yoyote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Yote mawili huja na kuondoka kwa miaka. Si vidonda vya tumbo vile tunavyovijua, na omeprazoli haiyatibu.

Madaktari waliofanya kazi Mulago, Uganda, katikati ya karne iliyopita, Hugh Trowell na Denis Burkitt, waliona kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyojaa Ulaya yalikuwa adimu kwa Waafrika waliowatibu, wakahusisha jambo hilo na vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Mchango wao ni mkubwa. Hata hivyo, tangu kolonoskopi ipatikane katika hospitali kubwa za Dar es Salaam na Nairobi, wagonjwa wa uvimbe huu wanaonekana, na chakula cha mijini hakifanani tena na kile cha wakati wa Trowell. Muuguzi anayedhani ugonjwa huu ni wa Wazungu tu hatauona hata ukikaa mbele yake.

Antioksidanti zinaingilia wapi

Utumbo ukivimba, chembe nyeupe za damu huingia kwa wingi kwenye ukuta wake na kumwaga kemikali kali zenye oksijeni. Mojawapo ni asidi ya hipokloro, jamii ileile ya kemikali iliyomo ndani ya jiki tunayosafishia sakafu ya wodi. Mwili huitengeneza iue vijidudu. Katika uvimbe sugu inaendelea kumwagika wakati hakuna kijidudu cha kuua, ikaunguza utando laini wa utumbo, na jeraha hilo likaita chembe nyeupe nyingine. Antioksidanti ni kitu chochote kinachozima kemikali hizo kabla hazijaunguza. Mwili una za kwake, na chakula kinaleta nyingine.

Wazo hili si geni hospitalini. Mesalazini, dawa ya msingi ya kolaitisi ya vidonda, miongoni mwa kazi zake huzima kemikali hizohizo. Inatokana na salfasalazini, iliyobuniwa Sweden na daktari Nanna Svartz kuelekea mwisho wa miaka ya 1930 kwa ajili ya maumivu ya viungo, kisha ikaonekana kuwafaa wagonjwa wa utumbo.

Basi mtu angesema: tuwape vitamini kwa wingi, kazi imekwisha. Watafiti wa Toronto, Kanada, walilijaribu hilo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 walichukua watu 57 wenye ugonjwa wa Crohn uliotulia au mwepesi. Kundi moja lilipewa vitamini E yuniti 800 na vitamini C miligramu 1000 kila siku kwa wiki 4. Vipimo vya kuungua kwa oksijeni vilishuka kweli. Ugonjwa haukubadilika. Wiki 4 ni muda mfupi, nakubali, lakini funzo ni zito: kushusha kipimo cha maabara ni jambo moja, na mgonjwa kupona ni jingine. Tena vidonge hivi si salama kwa kila mtu. Huko Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 waliingizwa kwenye utafiti, na matokeo ya mwaka 1994 yakaonyesha waliopewa beta-karotini, antioksidanti nyingine, saratani ya mapafu iliongezeka kwao badala ya kupungua. Mgonjwa aliyetulia na ale machungwa ya Muheza na mchicha wake kama chakula. Vidonge vya dozi kubwa sivipendekezi.

Manjano

Kiini cha manjano kinaitwa kurkumini. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya wagonjwa 89 wa kolaitisi ya vidonda waliokuwa wametulia. Wote waliendelea na dawa zao. Wengine wakaongezewa gramu 2 za kurkumini kwa siku, wengine kidonge kisicho na dawa, kwa miezi 6. Kati ya 43 waliotumia kurkumini, ugonjwa uliwarudia 2. Kati ya 39 wa kundi la pili, uliwarudia 8. Mwaka 2015 ukatoka utafiti mwingine wa Israel na Hong Kong, wa watu 50 ambao mesalazini peke yake haikuwatosha. Waliongezewa gramu 3 kwa siku, na baada ya mwezi mmoja 14 kati ya 26 walikuwa wametulia. Katika kundi lisilopewa kurkumini hakutulia hata mmoja.

Hizo ni habari njema, na mimi nazifurahia. Lakini India walijaribu dozi ndogo, miligramu 450 kwa siku, wakachapisha mwaka 2017 kwamba haikuzidi kidonge kisicho na dawa. Na Ufaransa, kwa wagonjwa wa Crohn waliokwisha pasuliwa, kurkumini haikuzuia ugonjwa kurudi. Kwa hiyo tuna ushahidi wa kolaitisi ya vidonda, kwa dozi kubwa, juu ya mesalazini. Zaidi ya hapo hatuna ushahidi wa kutosha.

Sasa tupige hesabu ya jikoni. Unga wa manjano una kurkumini yapata asilimia 3. Kijiko cha chai kina kama gramu 3 za unga, kwa hiyo kurkumini ndani yake haifiki hata gramu 0.1. Anayetaka gramu 2 za wale Wajapani anahitaji vijiko zaidi ya 20 kwa siku, kila siku, kwa nusu mwaka. Hakuna tumbo litakalovumilia hayo, sembuse lenye vidonda. Manjano kwenye mchuzi wa samaki ni chakula kizuri. Dozi ya utafiti ilikuwa kiini kilichokamuliwa na kupimwa.

Kuna desturi ya kuchanganya na pilipili manga. Ni kweli piperini iliyomo huongeza sana kurkumini inayoingia kwenye damu. Ila kolaitisi ya vidonda iko kwenye utumbo mpana, ambako kurkumini isiyofyonzwa hufika yenyewe, na ikizidi kwenye damu si jambo la kushangilia: Italia na Marekani wameripoti watu walioumia ini kwa vidonge vya manjano, baadhi vikiwa na pilipili hiyo. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au mwenye mawe ya nyongo asipewe kabisa bila daktari kujua.

Nitaje na shubiri, maana waganga watauliza. Jijini London, mwaka 2004, wagonjwa 44 wa kolaitisi ya vidonda walijaribiwa kwa ute wa aloe vera, mililita 100 mara mbili kwa siku. Waliotulia ni 9 kati ya 30, dhidi ya 1 kati ya 14. Utafiti ni mdogo, lakini unatia moyo. Tahadhari yangu ni kwamba walitumia ute mweupe wa ndani. Utomvu wa njano ulio chini ya ganda ni dawa ya kuharisha, na anayechemsha jani zima anamzidishia mgonjwa yaleyale yaliyomleta.

Kabla ya yote, ni ugonjwa gani?

Hapa Tanga, mtu anayeharisha damu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na amiba au shigela. Kifua kikuu cha utumbo hufanana na Crohn kiasi cha kuwachanganya hata mabingwa. Mtu aliyeishi Kanda ya Ziwa anaweza kuwa na kichocho cha tumbo. Mwenye VVU ana orodha yake ya visababishi. Ukimpa steroidi za kutuliza uvimbe mwenye amiba, utumbo unaweza kutoboka. Ukimpa manjano mwenye kifua kikuu, unampotezea miezi.

Naomba tukubaliane hivi. Anayeharisha damu apimwe choo na VVU, na kifua kikuu kichunguzwe. Akipita wiki 4 bila kupona licha ya dawa, au akipungua uzito, akiamka usiku kuharisha, macho yakawa mekundu au viungo vikauma, aandikiwe rufaa hospitali ya Bombo, na kutoka huko afike penye kolonoskopi na kipimo cha kinyama, Muhimbili au KCMC. Maumivu yake yasitulizwe kwa diklofenaki ya dukani, kwa kuwa inaweza kuuamsha ugonjwa. Na akiwa na upungufu wa damu, vidonge vya chuma vya FEFO asipewe kwa mazoea: madini ya chuma yasiyofyonzwa huchochea kemikali zilezile tunazotaka kuzizima, na ugonjwa ukiwa mkali daktari anaweza kuchagua chuma cha kwenye mshipa.

Kwa waganga, nasema kwa heshima. Mkoa huu ulionyesha njia mwanzoni mwa miaka ya 1990, waganga wa tiba asili na madaktari wa Bombo waliposhirikiana kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, na sheria ya tiba asili na tiba mbadala ipo tangu mwaka 2002. Mkimpa mtu shubiri au manjano, mwandikieni jina la dawa na kipimo kwenye karatasi aje nayo kituoni. Nasi wa kituoni tumuulize bila kumkaripia, kwa sababu akikaripiwa mara moja hatasema tena. Jibu lake liandikwe kwenye kadi, karibu na mesalazini, mahali ambapo daktari wa Bombo ataliona.