Saratani ya Titi Siyo Uchawi



Leo tuongee juu ya saratani ya titi. Pengine katika ukoo mmoja mama anaugua, halafu dada, halafu binti. Watu wanasema, "Wamerogwa." Siyo kweli.

Kila mtu hurithi jeni kutoka kwa baba na mama. Nasema jeni, siyo jini! Jeni ni maelekezo madogo sana yaliyomo mwilini. Ndiyo yanayofanya mtoto afanane na wazazi wake. Mwaka 1990 mtaalamu wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha mahali ilipo jeni iitwayo BRCA1. Jeni hiyo ikiwa na kasoro, hatari ya saratani ya titi huongezeka. Mzazi mwenye kasoro hiyo, awe mama au baba, anaweza kumrithisha mtoto. Lakini siyo kila aliyerithi ataugua. Na wagonjwa wengi hawakuirithi kabisa.

Basi, ukienda hospitali, mtajie daktari ndugu zako waliougua, wa upande wa mama na wa upande wa baba. Ukiona uvimbe, usifiche. Nenda mapema. Uvimbe mdogo hutibika kwa urahisi kuliko mkubwa.