Ushindani Juu ya Msingi wa Pamoja: Funzo kwa Waundaji wa Programu



Kijana wa Mbagala au Manzese, hapa Dar es Salaam, anaweza leo kucheza mchezo wa mpira wa PSP bila kuwahi kuishika PSP yenyewe. Simu yake ya Android inatumia PPSSPP, ambayo ni emuleta, yaani programu inayoifanya simu iige mashine ile ya michezo ya Sony iliyotoka mwaka 2004. Ingawa ni chombo cha burudani, kinatusaidia kujibu swali zito kwa kila anayejifunza kuandika programu jijini hapa: ujuzi uliopatikana kwa jasho ufichwe ili kuwashinda wenzako, au uwekwe wazi? Hoja yangu ni kwamba ushindani huzaa matunda pale washindani wanapokuwa na msingi wa maarifa wanaoumiliki pamoja.

Ushahidi tunao. Mwaka 2003 Henrik Rydgård wa Sweden na mwenzake walitoa Dolphin, emuleta ya mashine ya GameCube ya Nintendo. Msimbo wake ulifungwa, wakaujua wachache, na kazi ikawa inasuasua. Ulipofunguliwa mwaka 2008, wachangiaji wa nchi nyingi waliiendeleza kwa miaka na miaka. Rydgård alipoanzisha PPSSPP mwaka 2012, aliiweka wazi tangu mwanzo. Tayari kulikuwa na JPCSP, emuleta nyingine ya PSP iliyoandikwa kwa Java, na kila moja ilitaka kuendesha michezo mingi zaidi. Hata hivyo, zote zilitumia hazina moja ya majaribio iitwayo pspautotests. Hizi ni programu ndogondogo zinazoendeshwa kwanza kwenye PSP halisi na majibu yake kuhifadhiwa. Kisha emuleta hupewa jaribio lilelile, na ikikosea, kosa huonekana papo hapo. Tabia ya mashine iliyogunduliwa na mmoja haikuhitaji kugunduliwa upya na mwingine. Nguvu iliyookolewa ndiyo iliyoweza kuelekezwa kwenye kasi, jambo la lazima kwa mwenye simu ya bei nafuu.

Wapo watakaosema kwamba bila ushindani watu hubweteka. Nakubali, na sipendekezi ufutwe. Katika emuleta za mashine ya Super Nintendo, ZSNES ilitanguliza kasi, bsnes ikatanguliza usahihi, na tofauti hiyo ilimpa mtumiaji uchaguzi. Lakini utafiti wa bsnes ulikuwa wazi, hata washindani wake wakanufaika nao. Wengine watahofia kwamba anayefungua kazi yake atakufa njaa. PPSSPP ina toleo la Gold, linalofanya kazi sawa na lile la bure, ambalo mtu hulinunua kwa hiari ili kumuunga mkono muundaji. Kuhusu sheria, uwazi si ruhusa ya kuiba michezo. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani iliiunga mkono kampuni ya Connectix dhidi ya Sony katika kuchunguza mashine ili kuunda emuleta. Lakini mwaka 2024 waundaji wa emuleta ya Yuzu walikubali kuilipa Nintendo dola milioni 2.4 baada ya kushtakiwa. Atakayeifuata njia hii aijue mipaka hiyo.

Pingamizi kubwa zaidi ni kwamba utamaduni huu ni wa kigeni. Jiji letu lenyewe linalikanusha. Kupitia mradi wa Ramani Huria, tangu mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi, walichora kata zinazokumbwa na mafuriko na kuziweka kwenye ramani ya wazi ya OpenStreetMap. Ramani ya mfereji wa mtaa mmoja haitoshi, kwa sababu maji hayatambui mpaka wa kata. Ilibidi kazi ya wote iungane. Leo kampuni yoyote inaweza kujenga huduma yake juu ya ramani hiyo, na kampuni hizo zikashindana kwa ubora wa huduma.

Basi napendekeza vyuo vyetu viache kuzifungia kabatini programu za wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Ziwekwe wazi pamoja na majaribio yake, na mwanafunzi anayeboresha kazi ya aliyemtangulia apewe alama sawa na anayeanza upya. Tukifanya hivyo, kila darasa litaanzia pale lililotangulia lilipofika, na vijana wetu watashindana katika yale ambayo bado hayajafanywa na mtu.