Nani Anapanga Matunzo ya Shosho?

Leo nazungumza nawe mama unayemtunza mzee nyumbani: mama yako mzazi, mama mkwe, au guka ambaye watoto wake wengine wako Nairobi.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza mboga sokoni Karatina. Shosho ana presha na kisukari, na juzi alianguka usiku akienda choo. Ndugu wa Nairobi anatuma pesa kwa M-Pesa. Dada wa Nanyuki anapiga simu kila jioni kuuliza shosho amekula nini. Kila mtu anasaidia, lakini hakuna anayepanga. Basi mama huyu anafunga biashara saa saba mchana, anapoteza wateja, na usiku halali.

Katika nchi kama Marekani kuna watu ambao kazi yao ni kupanga matunzo ya wazee. Wengi wao walisomea uuguzi au ustawi wa jamii. Familia huwalipa waje nyumbani, wamwangalie mzee na nyumba yenyewe, kisha waandike nani atafanya nini. Hapa kwetu Nyeri si rahisi kumpata mtu mwenye cheo hicho. Lakini ujuzi wenyewe upo karibu nawe, ila umetawanyika, na ni lazima mtu aukusanye.

Anza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako. Mwaka 2023 serikali iliwapa kazi wahamasishaji wapatao 100,000 kote nchini, wakiwa na mkoba wenye kipimo cha presha na cha sukari. Akija, asipime tu na kuondoka. Mwombe atembee na shosho ile njia ya kwenda choo. Milima yetu unaijua: mvua ikinyesha, ua wote ni utelezi. Taa, mti wa kushikilia, na ndoo ya usiku chumbani vinaweza kumwepusha mzee na kuvunjika nyonga. Na baridi ya Julai ikikaza, jiko la makaa lisilale chumbani kwake. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua mtu usingizini.

Mtaalamu anafaa zaidi kwa upande wa dawa. Kusanya zote: za hospitali, za duka la dawa, zile dada alizonunua Nanyuki, hata za miti shamba. Zitie katika mfuko mmoja, nenda na shosho kliniki, umwombe muuguzi au mfamasia azipitie moja moja. Dawa ile ile huuzwa kwa majina tofauti, na mzee anaweza kuimeza mara mbili bila kujua. Dawa za maumivu kama diklofenaki, ambazo wazee wetu huzipenda kwa ajili ya magoti, zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo. Na shosho akichanganyikiwa ghafla, usiseme ni uzee. Huenda ni maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka, au dawa zenyewe. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Akilazwa, tuseme katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri, usingoje siku ya kutoka ndipo uulize maswali. Mtafute ofisa wa ustawi wa jamii mapema. Ikiwa ni saratani iliyoenea, Nyeri Hospice wana ujuzi wa kutuliza maumivu na kuzungumza na familia.

Kuhusu pesa, SHA ilichukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, na shosho aandikishwe kwa kitambulisho chake mwenyewe. Akiwa ametimiza miaka 70, ulizia kwa chifu kuhusu Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Hazimlipi muuguzi, lakini zinasaidia kununua sabuni na maziwa. Mkiamua kuajiri muuguzi wa kuja nyumbani, aonyeshe leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya. Na hata awe mwema namna gani, asishike kitambulisho cha mzee wala hati ya shamba.

Sasa iteni kikao, na shosho mwenyewe awepo. Mara nyingi tunamjadili kana kwamba hayupo, naye yuko pale pale kando ya moto akisikia yote. Mwulizeni anataka nani amwogeshe. Kuna mama ambaye hatakubali kuogeshwa na mwanawe wa kiume, na hiyo ni haki yake. Andikeni kwenye daftari nani atampeleka kliniki, nani atalipa nini, na tarehe gani.

Wewe unayelala naye nyumba moja, siku zako mbili za kupumzika ziandikwe humo pia, pamoja na jina la atakayebaki na shosho. Ndugu akisema kazi haimruhusu kuja, basi amlipe mtu wa kukaa naye, na kiasi kiandikwe hapo hapo kabla chai haijapoa.