Mkono Umefika Sikioni



Wanangu wahitimu, mwaka 1967 baba alinipeleka kuandikishwa darasa la kwanza. Cheti cha kuzaliwa sikuwa nacho, na wenzangu wengi hawakuwa nacho. Mwalimu akaniambia nipitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, nishike sikio la kushoto. Nililifikia kwa ncha za vidole, akaandika jina langu. Naona wazazi huko nyuma mnacheka. Mtihani huo mnaukumbuka. Aliyeshindwa alirudishwa nyumbani akale ugali mwaka mmoja zaidi.

Katika miaka 36 ya uuguzi nimeurudia mtihani ule kichwani mwangu mara nyingi sana. Mkono ulifika sikioni, na hakuna aliyeuliza kama sikio lenyewe linasikia.

Sasa niwaeleze jambo linaloniuma mpaka leo. Katika zahanati moja ambayo sitaitaja kulikuwa na mtoto niliyemjua tangu anazaliwa. Kila siku ya kliniki nilimtia kwenye mfuko wa mizani, nikaweka nukta kwenye chati ya ukuaji. Mstari wake ulipanda vizuri ndani ya rangi ya kijani. Chanjo alimaliza zote. Mama yake aliitunza kadi yenye chati ile ndani ya mfuko wa plastiki kama hati ya shamba.

Ikafika Januari ya kuanza shule. Mama akaja na fomu ya uchunguzi wa afya. Foleni ilikuwa imefika kwenye mwembe. Nikamwuliza, "Anaumwa?" Akajibu, "Hapana Sista, mzima." Nikagonga mhuri. Mtoto mwenyewe alikuwa nje, anacheza na wenzake. Sikumwita.

Miaka mitatu baadaye tulikwenda shuleni kugawa dawa za minyoo. Nikamkuta dawati la mwisho. Mwalimu akasema huyu ni mkaidi, ukimtuma haendi, ameshachapwa mpaka amezoea. Nikasimama nyuma yake, nikamwita kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Nikapaza sauti. Hakugeuka. Mwenzake alipomgusa bega ndipo akanitazama, na macho yake yakakaa kwenye midomo yangu. Nilipochungulia masikio, yote mawili yalikuwa na usaha, la kushoto linanuka. Mama akasema umekuwa ukitoka tangu ana miaka miwili, ila aliambiwa ni wa utoto, utakauka wenyewe.

Wanangu, nilimpima mtoto yule karibu mara ishirini kwa mikono hii. Sikio moja lilipata nafuu baada ya matibabu. La pili halikurudi. Viboko alivyochapwa kwa kutosikia, navyo havifutiki.

Kada yetu inapenda daftari. Msimamizi akija anafungua kitabu cha takwimu za kituo, cha MTUHA, anaangalia kama safu zimejaa, anatupongeza, anaondoka. Kitabu nilichokuwa nikijaza mimi hakikuwa na safu ya kuandika kwamba nimemwita mtoto naye akageuka. Nami kisichokuwa na safu sikukifanya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu 60% ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na sababu zinazozuilika, na usaha wa masikio ni mojawapo. Kwa hiyo msimwambie mama kwamba utakauka.

Mnajua ratiba yetu ya chanjo. Sindano ya pili ya surua na rubella ni miezi 18. Baada ya hapo akina mama wengi hawaleti tena watoto, na kwa mtazamo wao wamemaliza. Kutoka hapo mpaka darasa la awali ni miaka mitatu na zaidi, na ndiyo miaka ambayo mtoto anajenga lugha, anaanza kuuliza maswali, anajifunza kushika na kuchora. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, angalau mwaka mmoja, na mimi niliifurahia. Lakini mlango wa shule umefunguliwa, na pale mlangoni sisi wa afya hatupo, ila mhuri wetu.

Mtoto mnaye mkononi, hata hivyo. Kila Juni na Desemba mnatoa matone ya vitamini A. Mtoto wa miaka minne anasimama mbele yako, anafungua mdomo. Badala ya kumkamulia matone na kusema "anayefuata", mwulize jina lake. Mwulize amekuja na nani. Ukisikia anajibu maneno mawili mawili, au mama anamjibia kila kitu, mweke pembeni. Kisha simama nyuma yake, umbali wa mkono, ziba sikio moja kwa kidole chako, umnong'oneze jina la kitu anachokipenda, akitaje. Mimi nilikuwa nasema "pipi". Anayesikia anageuka mwili mzima! Rudia sikio la pili.

Macho nayo. Liko jicho tunaloliita jicho vivu: kwa nje ni zima kabisa, lakini ubongo umeliacha, unatumia lile jingine. Mtoto hawezi kukuambia, kwa sababu hajawahi kuona namna nyingine. Mfunike jicho moja kwa kiganja, bila kubonyeza, halafu jingine. Akitulia ukifunika la kulia, akalia na kukusukuma ukifunika la kushoto, amekuonyesha mwenyewe. Hapo ni rufaa, upesi. Miwani na kuziba jicho lenye nguvu kwa muda vinasaidia sana akiwa mdogo. Akishapita miaka saba au minane kazi inakuwa ngumu. Na ukiona mboni ina mng'ao mweupe, usingoje hata wiki, maana inaweza kuwa saratani.

Nina neno moja ambalo wenzangu niliwachosha nalo, hata wafamasia walikuwa wakinikwepa: chuchumaa. Ukiwa umesimama, mtoto anaona magoti yako na koti jeupe, na koti jeupe kwake ni sindano. Chuchumaa, uso wako ukutane na wake, ngoja kidogo. Utaona makengeza, utaona anavyopumua, utaona kama anakutazama au anakukwepa. Magoti yangu sasa yanauma, na sijutii.

  

Na kwa ajili ya macho, pale mlangoni nimeweka maboksi mawili. Wajukuu zangu wamenisaidia kukata kadi za karatasi ngumu, kila moja ina herufi E yenye urefu wa milimita 17 na nusu, na imefungwa kamba ya katani ya hapa hapa Tanga, urefu wa mita sita. Mtoto ashike mwisho wa kamba, wewe uende mpaka inyooke, ugeuze E juu, chini, kushoto, kulia. Yeye aonyeshe kwa mkono miguu ya E inakoelekea, jicho moja baada ya jingine. Mtoto wa miaka mitano asiyeiona, mwandikie rufaa. Nimezihesabu, zinawatosha wote. Kila mmoja achukue yake anapotoka, na atakayepangiwa kituo chenye wauguzi wawili achukue mbili.